Nani aliijaza bahari?

Nipo Lushoto kwa mazoezi ya kufundisha, na leo nina swali la historia. Kila mwaka tunafundisha mzunguko wa maji: bahari, mawingu, mvua, mto, bahari tena. Sasa maji yenyewe yalitoka wapi?

Kwa chemchemi za Usambara jibu ni mvua tu. Milima hii si volkano, ni miamba ya kale iliyopikwa chini sana ikainuliwa.

Njia ya kufuatilia maji ya vilindini ilifunguka mwaka 1931, Mmarekani Harold Urey alipogundua haidrojeni nzito. Kumbe maji yana alama! Baharini ni kama atomu moja kati ya 6,400, na kwenye miamba ya vilindini kwa kawaida hupungua kama asilimia 8. Tatizo ni kwamba mvua nayo hupungukiwa, na lava iliyopoa huinyonya. Kwa hiyo linatakiwa jiwe lililofunga maji yake kabla ya kufika juu.

Mawe hayo tunayo jamani! Volkano ya Lashaine, karibu na Monduli, ilirusha vipande vya vilindini ambavyo J. B. Dawson na wenzake walivieleza mwaka 1970. Vingine vina ulanga, na ulanga hubeba haidrojeni.

Wataalamu wengi wanaona sehemu ya bahari ilitoka humo tumboni, kama mvuke wa volkano. Basi walimu wenzangu, tusianzie baharini tu. Nawasilisha.