Kituo cha Makaa katika Bandari ya Mwingine: Mipango ya Wanamaji wa Kikoloni na Msamiati wa Pwani, 1830–1915

Utangulizi

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuanzia miaka ya 1830 methali hiyo ilihitaji nyongeza, kwa kuwa chombo kipya kilichoingia katika Bahari ya Hindi hakikutosheka na kuundwa tu. Kilipaswa pia kulishwa. Jahazi liliondoka na kaskazi au kusi, na upepo haukuuzwa na mtu yeyote. Merikebu ya moshi iliweza kwenda kinyume cha pepo zote mbili, lakini kila baada ya siku chache ilidai makaa ya mawe, na makaa hayo yalipaswa kufikishwa bandarini kabla haijatia nanga. Aliyetaka kutawala bahari kwa mvuke alilazimika kwanza kupata nchi kavu ya kuwekea makaa yake. Aghalabu nchi hiyo ilikuwa ya mtu mwingine.

Historia ya dola za Ulaya katika bahari hii husimuliwa kwa mikataba, vita na mipaka. Mhadhara huu unaitazama kutoka katika bohari la makaa. Hoja yake ni kwamba wapangaji wa vituo vya makaa walikuwa hodari wa kuhesabu tani, maili na kina cha maji, lakini mambo mawili yaliwaponyoka: ridhaa ya mwenye bandari na mikono ya mchukuzi. La kwanza limeandikwa kwa wingi katika historia ya kidiplomasia. La pili limehifadhiwa, kwa sehemu, katika msamiati wa Kiswahili.

Aden: Hesabu ya Masafa

Mnamo Machi 1830 meli ya mvuke Hugh Lindsay iliondoka Bombay kwenda Suez. Ilikuwa imejazwa makaa hata katika sehemu zisizokusudiwa kwa shehena, na makaa mengine yalikuwa yametangulizwa Aden na katika bandari za Bahari ya Sham. Safari ilithibitisha kwamba njia ya mvuke kati ya India na Misri inawezekana. Ilithibitisha pia udhaifu wake: huko Aden upakiaji ulichukua siku kadhaa, kwa kuwa watu wa kubeba makaa hawakutosha. Hivyo, tangu mwanzo, tatizo la kituo cha makaa halikuwa makaa peke yake.

Kampuni ya India Mashariki ilijaribu kwanza kisiwa cha Sokotra. Sultani wake alikataa kukiuza, na askari waliopelekwa huko mwaka 1835 waliugua homa, wakaondolewa. Baada ya hapo macho yaligeuzwa kwenye Aden, bandari yenye kina na kinga, iliyo karibu na mlango wa Bahari ya Sham. Mwaka 1837 jahazi Duria Dowlat lilipanda mwamba karibu na Aden na mali yake ikaporwa. Tukio hilo lilitumiwa kumbana Sultani wa Lahej ili aitoe bandari yake. Mazungumzo yalipokwama, Kapteni Stafford Haines aliiteka Aden tarehe 19 Januari 1839. Kwa maneno mengine, pale ambapo ridhaa haikupatikana kwa fedha, mzinga ulitumika badala yake.

Inafaa kukumbuka hapa jambo ambalo husahauliwa. Sehemu kubwa ya makaa yaliyorundikwa Aden ilitoka Uingereza, hasa Wales, na ililetwa kwa merikebu za matanga zilizozunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hiyo zama za mvuke hazikuufuta upepo mara moja. Kwa miaka mingi mvuke ulibebwa mgongoni mwa tanga.

Kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1869 kuliongeza thamani ya mlango wa Bahari ya Sham. Mwaka huohuo kampuni ya meli ya Rubattino ya Italia ilinunua ardhi Assab iwe kituo cha makaa, na mwaka 1882 dola ya Italia ikakitwaa kituo hicho. Ufaransa ilikuwa imejipatia Obock tangu mwaka 1862, lakini haikukitumia kwa bidii kwa kuwa meli zake zilipata makaa Aden. Wakati wa vita vya Ufaransa na China vya 1884 na 1885, Uingereza ilishika msimamo wa kutofungamana na upande wowote, na manowari za Ufaransa zikanyimwa makaa ya Aden. Funzo lilieleweka upesi. Obock ilistawishwa, na mnamo mwaka 1888 Wafaransa wakaanza kuhamia Djibouti. Kituo kimoja kilichofungwa kwa mgeni kilizaa koloni jipya ng'ambo ya pili ya maji.

Waingereza nao walikuwa na hofu zao. Baada ya tishio la vita na Urusi mwaka 1878 waligundua kwamba bohari zao nyingi za makaa hazikuwa na mizinga ya kuzilinda. Tume ya Kifalme iliyoongozwa na Carnarvon ilifanya kazi kuanzia 1879 hadi 1882, ikapendekeza kuimarishwa kwa ulinzi wa bandari kama Aden, Singapore, Hong Kong, Port Louis na Simon's Bay. Ripoti zake nyingi zilikuwa za siri. Katika mtazamo huo dunia iligawanywa kwa masafa ambayo meli iliweza kwenda kabla ya moto wa boila zake kuzimika, na bandari zenye watu, sheria na historia zao zikageuka kuwa nukta katika mstari.

Unguja: Makaa na Kibarua

Mojawapo ya bandari zilizoguswa na mfumo huo ni Unguja. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianzisha safari za meli ya barua kati ya Aden na Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kuanzia mwaka 1874, kwa takriban miaka 10, HMS London ilitia nanga bandarini kama bohari, karakana, hospitali na kituo cha mashua zilizowasaka wasafirishaji wa watumwa.

Bandari hii ilikuwa bado ya Sultani. Haikuwa milki ya Uingereza, na hata ulinzi wa Uingereza ulikuja mwaka 1890 tu. Zaidi ya hayo, mkataba wa 1873 ulihusu biashara, haukuhusu utumwa wenyewe. Hali ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja mwaka 1897. Katika miaka hiyo 24 mtumwa wa mjini aliweza kukodishwa na bwana wake kufanya kazi ya kutwa, kisha sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Kazi za uchukuzi na za bandarini zilitegemea sana watu wa namna hiyo.

Hapa ndipo isimu inapoweza kumsaidia mwanahistoria. Neno kibarua linatokana na barua, lenye asili ya Kiarabu, pamoja na kiambishi cha udogo ki-. Maana yake ya kwanza ni barua ndogo, yaani cheti. Mfanyakazi wa kutwa alipewa cheti cha kuthibitisha kazi yake, na jina la cheti likahamia kwa mwenye kukishika. Baadaye likahamia kwenye kazi yenyewe, na leo mtu husema ana kibarua kigumu hata kama hajabeba gunia maishani mwake. Wataalamu wa semantiki wataitambua njia hii: kutoka chombo hadi mtu, na kutoka mtu hadi tendo. Mwanahistoria ataona jambo jingine, kwamba katika zama hizo wengi wa waliokishika cheti hicho walikuwa watumwa.

Neno peke yake si hati ya kihistoria. Haliwezi kutaja siku, tani wala jina la meli. Hata hivyo, linauliza swali ambalo hesabu za wanamaji hazikupenda kuliuliza. Manowari ya mvuke iliyowinda majahazi ya watumwa ilihitaji makaa. Makaa yalishushwa kwenye matishali, yakabebwa vichwani na mabegani, yakarundikwa, kisha yakabebwa tena hadi melini. Katika mji ambamo uchukuzi ulifanywa kwa kiasi kikubwa na watumwa wa kukodishwa, ni vigumu kuona jinsi ambavyo kazi hiyo ingaliweza kufanyika bila mikono yao. Moto uliosukuma vita dhidi ya biashara ya watumwa, yamkini, ulichochewa kwa jasho la watumwa.

Msamiati wa chombo chenyewe unaonyesha mgawanyo wa kuvutia. Meli limetokana na neno la Kiingereza la barua za posta, manowari na stima pia yametoka Kiingereza. Lakini mafuta ya vyombo hivyo hayakupewa jina la kigeni. Yaliitwa makaa ya mawe, kwa kuunganisha maneno ambayo kila mpishi wa pwani aliyajua. Chombo kilikuja na jina lake. Mzigo ulipewa jina kwa maneno ya hapa.

Königsberg: Kituo Kisicho na Makaa

Vita vya mwaka 1914 vilijaribu mipango yote hii katika maji ya Afrika Mashariki. Kwa mujibu wa Mkataba wa XIII wa The Hague wa mwaka 1907, manowari ya nchi iliyo vitani haikuruhusiwa kuchukua makaa kupita kiasi katika bandari ya nchi isiyofungamana na upande wowote, na ikishachukua haikuruhusiwa kupata mengine katika bandari za nchi hiyohiyo kabla ya miezi mitatu kupita. Bandari ya mwingine ilikuwa imewekewa kufuli la kisheria.

Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Max Looff, ilifika Dar es Salaam Juni 1914 na kuondoka tarehe 31 Julai, siku chache kabla ya vita na Uingereza. Tarehe 6 Agosti iliikamata City of Winchester karibu na Oman, ikachukua makaa yake, ambayo yalikuwa ya India na hafifu. Nyumbani hakukuwa na faraja. Dar es Salaam, makao makuu ya koloni, ilijifunga yenyewe: kwa kuhofia mashambulizi, chelezo cha kuelea kilizamishwa katika mlango wa bandari. Upande wa kusini, Waingereza walinunua makaa yaliyokuwapo katika bandari za Msumbiji ya Wareno ili adui asiyapate. Hawakuhitaji kupiga mzinga hata mmoja huko, fedha zilitosha.

Ikabaki meli ya msaada Somali, na delta ya Rufiji. Delta hiyo ilikuwa imepimwa na meli ya upimaji Möwe, na Wajerumani walijua mikondo ambayo ramani za Waingereza hazikuionyesha. Kutoka huko Königsberg ilitoka tarehe 20 Septemba 1914 na kuizamisha HMS Pegasus, iliyokuwa ikitengenezwa boila zake katika bandari ya Unguja. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yao yapo katika kisiwa cha Chapwani.

Ushindi huo ulikuwa wa mwisho. Injini ziliharibika, na sehemu za boila zilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha zikarudishwa, kwa nguvu za Waafrika. Waingereza walipoigundua Königsberg waliiziba njia mojawapo kwa kuizamisha Newbridge, meli ya kubebea makaa. Meli Rubens iliyotumwa kutoka Ujerumani na shehena ya makaa ilishambuliwa Aprili 1915 katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na makaa yake hayakufika Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliimaliza Königsberg. Mizinga yake 10 iliopolewa na kukokotwa kwenda kupigana nchi kavu.

Hitimisho

Uingereza ilianza kuhamia mafuta kabla ya vita hivyo, na bohari za makaa zikapoteza umuhimu hatua kwa hatua. Stima imebaki nchini Kenya ikiwa na maana ya umeme. Mchukuzi hakupoteza kazi yake. Vita vilevile vilivyoizamisha Königsberg viliendelea kwa mabega ya wapagazi waliosajiliwa na Waingereza katika kikosi ambacho jina lake, kwa matamshi ya Kiswahili, limekuwa Kariakoo. Watu wanaonunua na kuuza sokoni hapo Dar es Salaam kila siku wanalitaja jina la jeshi la wabeba mizigo, na wengi hawalijui.

Wapangaji wa London na Berlin waliacha nyuma majedwali yaliyotaja kila tani ya makaa na kila fathomu ya maji. Aliyebeba tani hizo hakuwa na safu yake katika jedwali. Amepata nafasi mahali pengine, katika neno kibarua na katika jina la mtaa. Kazi inayowasubiri wanafunzi wa Kiswahili ni kuukusanya msamiati wa gatini kutoka kwa wazee wa Malindi ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam kabla haujapotea, kisha kuuweka kando ya hesabu za wanamaji na kuzisoma mbili hizo pamoja. Meli za makaa hazipo tena, lakini dola kubwa bado zinatafuta bandari za wengine, na swali la nani aliridhia na nani anabeba halijapitwa na wakati.