Nyumba za HLM kule Ufaransa: herufi A mpaka G zinapima nini?

Wakati wa baridi, simu za ndugu wanaokaa Ufaransa zinaleta malalamiko yaleyale: fakitire ya gazi ao ya umeme imepanda, chumba hakipati joto, ukuta unalowana na kufanya ukungu mweusi. Mutu wa Goma ao Bukavu anaweza kufikiri kama ndugu anatafuta namna ya kukataa kutuma franga. Mwenye nyumba naye anaweza kumwambia mupangaji kama yeye ndiye anapoteza moto ovyo. Lakini mara nyingi kosa liko mu nyumba yenyewe, na kule Ufaransa kuna karatasi ya kuonyesha jambo hilo kwa herufi moja.

HLM ni nini

HLM ni nyumba za malipo madogo, zinazopangishwa kwa watu ambao mapato yao hayapiti kiasi fulani. Jina hilo lilianza mwaka wa 1950. Leo ziko karibu milioni 5, na watu zaidi ya milioni 10 wanakaa ndani.

Nyingi zilijengwa haraka haraka kati ya miaka ya 1950 na 1970, kisha vita, wakati familia nyingi zilikosa pa kukaa. Petroli ilikuwa bei chini, na hakuna sheria iliyolazimisha mujengaji kuzuia joto lisitoke. Sheria ya kwanza ya namna hiyo ilitoka 1974, kisha bei ya petroli kuruka mwaka wa 1973. Njo maana jengo kubwa la zamani linaweza kuwa na kuta za beto tupu: joto linatoka, baridi inaingia, na mupangaji analipa.

Namna ya kupima

Karatasi ya kipimo inaitwa DPE. Ilianza mwaka wa 2006, na njia ya kuifanya ilibadilishwa tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka wa 2021. Mupimaji mwenye ruhusa anafika nyumbani. Anapima ukubwa wa vyumba, anaangalia mwaka wa kujengwa, kuta, dari, sakafu, madirisha (kioo kimoja ao viwili), njia za hewa, na chombo cha kupasha nyumba joto. Anaingiza yote mu programu ya kompyuta, ile inapiga hesabu.

Hesabu inahusu mambo matano: kupasha nyumba joto, kupasha maji, kupoza nyumba, taa, na vyombo vidogo kama pampu na feni za hewa. Inakubali kama mupangaji ni mutu wa kawaida mwenye kuweka joto kwenye digri 19. Haiangalii kama yeye anapenda 17 ao 23. Kwa hiyo herufi inahukumu nyumba, haihukumu mupangaji.

Jibu linatoka kwa kilowati-saa kwa kila metre mraba, kwa mwaka:

A: chini ya 70
B: 70 mpaka 110
C: 110 mpaka 180
D: 180 mpaka 250
E: 250 mpaka 330
F: 330 mpaka 420
G: zaidi ya 420

Kuna kipimo cha pili, cha moshi wa kaboni unaotokana na nyumba. Kati ya vipimo viwili, kile kibaya zaidi ndicho kinatoa herufi.

Mufano: nyumba ya metre mraba 60 inayotumia gazi. Ikiwa ni A, hesabu inatoa chini ya kilowati-saa 4.200 kwa mwaka. Ikiwa ni G, inapita 25.200. Watu ni walewale, digri ni zilezile, lakini tofauti inapita mara 6.

Kupima nyumba zote pamoja

Kila mwaka mashirika yenye HLM yanatangaza kwa serikali hali ya nyumba zao zote, pamoja na herufi ya DPE. Orodha hiyo inaitwa RPLS. Tena, tangu tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka wa 2024, jengo la zamani lenye nyumba nyingi na mwenye mumoja tu linapaswa kuwa na DPE ya jengo zima. Hilo linasaidia kuchagua: jengo gani litengenezwe kwanza, na kazi ianze wapi, ku dari, ku kuta ao ku madirisha.

Sheria imeweka tarehe pia. Tangu mwanzo wa 2025, nyumba ya G haihesabiwe tena kuwa nyumba ya kufaa kupangishwa kwa mukataba mupya. F itafuata mwaka wa 2028, na E mwaka wa 2034. Mupangaji aliye ndani hafukuzwi juu ya herufi. Yeye ndiye mwenye haki ya kuomba nyumba itengenezwe.

Mufano mumoja unajulikana sana: Grand Parc, mu muji wa Bordeaux. Majengo matatu ya HLM ya miaka ya 1960, yenye nyumba 530, yalikuwa yamezeeka. Hawakuyabomoa. Waliongeza mbele ya kila nyumba chumba cha vioo, ambacho kinapata jua na kuzuia baridi. Wakaaji walibaki ndani wakati wa kazi. Mwaka wa 2019 kazi hiyo ilipata zawadi ya Mies van der Rohe, zawadi kubwa ya ujenzi wa Ulaya.

Pale kipimo kinakosea

Herufi si fakitire. Ni hesabu, na hesabu inaweza kubadilishwa. Kwa nyumba za umeme, kila kilowati-saa ilizidishwa kwa 2,3 ili kuhesabu nguvu inayopotea mbele umeme ufike nyumbani. Tangu mwanzo wa 2026 inazidishwa kwa 1,9. Kwa hiyo nyumba inaweza kupanda kutoka G mpaka F bila mutu kugusa hata dirisha moja, na fakitire ikabaki ileile.

Ndugu aangalie nini

DPE inapaswa kuonyeshwa kwa mwenye kutafuta nyumba, na kuunganishwa na mukataba. Aangalie tarehe: ile ya mbele ya mwezi wa 7 mwaka wa 2021 haina tena nguvu. Aangalie herufi. Kisha asome ukurasa wa kazi zinazoshauriwa, juu pale njo panaonyesha joto linatokea wapi. Akiwa na karatasi hiyo, anaweza kumujibu mwenye nyumba.

Na kwetu? Kipimo hiki hakiwezi kuchukuliwa vilevile. DPE haihesabu hata kidogo moto wa kupika. Lakini mu nyumba nyingi za Kivu, hakuna shofaje. Nguvu na franga zinaisha ku makala, chini ya nyungu. Mutu mwenye kutaka kupima nyumba ya huku angepaswa kuanza na mbabula.