Nuru Isiyoonekana na Moshi wa Kiberiti

Sisi wa upande wa Sakania tunawajua jirani zetu wa Mufulira, ng'ambo ya mpaka wa Mokambo. Tangu tanuru la shaba lilipoanza kazi huko mwaka 1937, watu wa mtaa wa Kankoyo wameishi na moshi wake. Mawe ya shaba ya pale yana kiberiti ndani yake. Yakichomwa, kiberiti hutoka kikiwa gesi kali isiyo na rangi. Wenyeji huiita senta. Huwasha koo, huleta kikohozi, tena huunguza majani ya mboga.

Basi mama wa nyumbani akisema, "Leo imezidi," na mwingine akajibu, "Leo ni kama jana," ni pua ya nani tutakayoiamini? Pua huchoka upesi, wala haiandiki hesabu.

Chombo cha kuamua neno hilo kina historia ndefu, na mwanzo wake umo katika dawa chungu waliyoinywa wazee wetu wakiwa na homa, yaani kinini. Mwaka 1801 Mjerumani Johann Wilhelm Ritter alivumbua kwamba kupita rangi ya urujuani, mahali jicho linapoona giza, iko nuru nyingine. Leo twaiita urujuanimno. Mwaka 1845 John Herschel, Mwingereza, aliona kwamba maji yaliyotiwa kinini, ingawa ni meupe kabisa, huonyesha buluu juu yake yakipigwa na jua. Kisha mwaka 1852 George Gabriel Stokes aliipasua nuru ya jua kwa kioo cha pembe tatu, akaipitisha chupa ya kinini katika rangi zote. Katika nyekundu, hakuna kitu. Katika kijani, hakuna. Alipoifikisha gizani, kupita urujuani, chupa ikawaka buluu! Kinini kilikuwa kimepokea nuru isiyoonekana na kurudisha nuru inayoonekana. Jambo hilo Stokes aliliita fluoresensi.

Gesi ya kiberiti nayo hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1973 Hideo Okabe na wenzake, huko Marekani, walitangaza njia ya kuipima kwa fluoresensi. Hewa huvutwa ndani ya chumba kidogo chenye giza. Taa huipiga kwa urujuanimno wa kama nanomita 214; gesi huimeza nuru hiyo, na mara hiyo hiyo huitoa nyingine yenye mawimbi marefu zaidi. Gesi ikiwa nyingi, mwanga nao huwa mwingi.

Lakini mwanga huo ni hafifu mno. Kwa hiyo jicho la chombo huwekwa ubavuni, lisitazamane na taa, na mbele yake kuna kioo cha kuchuja. Jicho lenyewe ni bomba la kioo: nuru ikiligusa hung'oa chembe ya umeme, chembe hiyo hugonga bamba na kung'oa nyingine kadhaa, nazo hugonga bamba la pili, hata moja huzaa mamilioni. Sisi tumependezwa hasa na jambo hili: kila baada ya muda chombo hufumba jicho lake, kikapima umeme unaotoka gizani bila nuru yoyote, kisha hukiondoa kiasi hicho katika hesabu. Ni mizani ngapi sokoni zinazofanya hivyo?

Hata hivyo chaweza kudanganywa. Mvuke wa maji hupunguza mwanga. Moshi wa petroli huwaka pia, hivyo sharti uondolewe kwanza. Tena mara kwa mara hupewa hewa safi, halafu gesi ya kiasi kinachojulikana, ili kionekane kama kingali kinasema kweli.

Huko Mufulira mitambo mipya ya kunasa gesi ilikamilika mwaka 2014. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliandika kipimo kisichofaa kupitwa kwa siku moja: mikrogramu 40 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Mama wa Kankoyo hawezi kuzihesabu mikrogramu kwa pua. Lakini chombo kikiwekwa karibu na mlango wake, na karatasi ya hesabu ikabandikwa mahali anapoweza kuisoma, ataweza kuonyesha kwa kidole siku aliyosema, "Leo imezidi."