MWANAFUNZI HAKUONEKANA DARSANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu yangu mzazi, twende pamoja mji wa Kufa, Iraq, karne ya pili ya Hijria. Palikuwa na kijana, Ya'qub bin Ibrahim, mzaliwa wa mwaka 113 Hijria. Kwao ni maskini. Alikuwa akihudhuria darsa ya Imam Abu Hanifa, Allah amrehemu.

Imepokewa kwamba siku moja baba yake alimfuata darsani, akamwambia asijilinganishe na Abu Hanifa. Yule ana uwezo wake, wewe unahitaji riziki. Kijana akamtii mzazi, akawa haonekani darsani.

Sasa mtazame mwalimu. Abu Hanifa alimkosa, akamuulizia. Kijana alipotokea, akamuuliza kilichomzuia. Akajibu: kutafuta maisha na kumtii baba. Imam hakumfokea mbele za watu. Alingoja wenzake waondoke, akampa mfuko wenye dirham 100, akamtaka adumu na darsa, na zikiisha amwambie. Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na kijana akawa anapewa nyingine hata kabla hajasema zimekwisha.

Kijana huyo ndiye Imam Abu Yusuf, mtu wa kwanza kuitwa Kadhi wa Makadhi, zama za Khalifa Harun ar-Rashid. Ndiye aliyemwandikia Khalifa Kitab al-Kharaj, kuhusu kodi na mali ya umma. Alifariki mwaka 182 Hijria, sawa na 798 Miladia. Jiulize: lau nafasi yake ingebaki tupu na asiulizwe na mtu, umma ungepoteza nini?

Utasema, Sheikh, maisha magumu. Ni kweli. Hata Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na shughuli zake. Katika Sahihi Bukhari imo kwamba alikuwa akipokezana zamu na jirani yake wa Kiansari kwenda kwa Mtume ﷺ. Huyu akienda leo, jioni humletea mwenzake habari za siku hiyo. Kazi ilifanyika, na hakuna siku iliyopita bure.

Leo mtoto anabakishwa nyumbani siku ya gulio auze maandazi. Mwingine anafika shule saa tatu, wenzake wameshamaliza somo la kwanza. Somo la pili limejengwa juu ya la kwanza, kwa hiyo anakaa haelewi, anaona haya kuuliza, mwisho anachukia shule. Utoro wengi huanzia hapo. Na sisi ambao Allah ametufunza nidhamu ya wakati kwa sala tano, tuna udhuru gani?

Mzazi, mwamshe mapema. Mwalimu, asiyeonekana siku mbili muulizie, na fimbo iache kwanza. Nawe uliyejaaliwa kipato, huenda mtoro wa mtaani kwenu amekosa daftari na viatu tu. Kuwa Abu Hanifa wake.

Allah awahifadhi watoto wetu na awape elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.