Kiwanja cha Umma na Makao ya Mwananchi

Tukitaja utamaduni wa taifa, wengi wetu hukumbuka ngoma, mashairi na mavazi. Katika makala haya tunakusudia kuitazama nyumba, na hasa kiwanja ambacho nyumba husimama juu yake; kwani namna taifa linavyogawa ardhi yake ya mjini huonyesha jinsi linavyowathamini watu wake. Mfano wetu ni mji wa Dar es Salaam.

Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Wajerumani ilinunua shamba la mlowezi mmoja kando ya mji, ikakusudia kuwahamishia Waafrika huko. Vita viliukatiza mpango huo. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, mahali hapo pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo Kariakoo. Vita vilipokwisha, ardhi hiyo ya serikali ilikatwa viwanja kwa mistari iliyonyooka, na Waafrika wakaruhusiwa kujenga kwa kulipa kodi ya kiwanja.

Nyumba iliyoota hapo twaijua sote: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua wa nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Mmanyema, Mzaramo na Mnyamwezi walichota maji kwa zamu, wakazungumza Kiswahili uani. Serikali ilitoa kiwanja tu. Fito, udongo na makuti vilitoka kwa wananchi wenyewe.

Lakini kiwanja hicho hakikuwa na hati ya muda mrefu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitamka kwamba ardhi yote ni ya umma, ila mwenye kauli juu yake alikuwa Gavana. Uzunguni, karibu na bahari, viwanja vilikuwa vikubwa na haki zake za kudumu. Uswahilini vilikuwa vidogo, na haki zake za kuhesabiwa siku. Hivyo neno "umma" lilikuwapo katika sheria kabla umma wenyewe haujapewa nafasi.

Ndiyo maana suala la ardhi liliingia mapema katika madai ya uhuru. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu Mali ya Taifa, akipinga shauri la kuifanya ardhi kuwa milki binafsi ya kuuzwa na kununuliwa. Baada ya uhuru, mwaka 1963, milki za namna hiyo zilizokuwapo ziligeuzwa kuwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99. Mwaka mmoja kabla yake, 1962, liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Shirika lilibomoa mabanda katika mitaa kama Magomeni na kujenga nyumba bora mahali pake. Nia ilikuwa njema, lakini banda lilipobomolewa ili nyumba moja ijengwe, hesabu ya makao haikuongezeka, na watu walikuwa wakimiminika mjini kila mwaka.

Katika miaka ya 1970 taifa lilichukua njia nyingine. Badala ya kubomoa, mitaa kama Manzese ilipelekewa barabara na maji. Na kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ili wenye kipato kidogo wajijengee. Njia hii ilifanana na ile ya Kariakoo, safari hii ikiwa na hati. Hata hivyo, kiwanja hakijengi nyumba. Mwenye mshahara mdogo alikawia kupata saruji na bati, na mwenye uwezo akaja kumwondoa kwa fedha. Sheria haikuruhusu kuuza ardhi tupu. Lakini msingi ukishachomoza juu ya ardhi, waliuziana msingi. Hivyo viwanja vingi vilivyopimwa kwa ajili ya mnyonge vikaishia mikononi mwa wengine.

Somo hilo lilionekana tena karibuni. Familia 644 zilihamishwa kutoka Magomeni Kota, nyumba zao kuukuu zikabomolewa, na kiwanja kikakaa kitupu kwa miaka kadhaa. Wapo ambao wangekiona kuwa ni ardhi ya ziada katikati ya mji, inayofaa maduka makubwa. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza kwamba watu wale wale wajengewe. Na mwaka 2022 Rais Samia alizifungua nyumba 644 za ghorofa. Hesabu ya milango ililingana na hesabu ya familia, kwa sababu orodha ya wenye haki ilikuwa imehifadhiwa.

Tusidhani, kwa hayo, kwamba kila ardhi tupu ni ya ziada. Viwanja vya Mnazi Mmoja ni pumzi ya mji, na bonde la Jangwani ni njia ya maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakumbusha waliojenga humo. Waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi na masoko yao, na baadhi yao wakarudi bondeni. Kumpa mtu kiwanja mahali asipoweza kupata riziki ni kumpa nusu ya nyumba.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Udhamini huo unahitaji wananchi wenye kumbukumbu. Tunawaomba walimu wawatume wanafunzi kuuliza katika miji yao: kiwanja hiki cha serikali kilipimwa mwaka gani, kilikusudiwa nani, na leo anakaa nani? Wakipata majibu ya maswali hayo matatu, watakuwa wameisoma historia ya taifa lao, na kiwanja kitakachofuata hakitapotea kimyakimya.