Kalibu na Gimba

Kuanzia Meru mpaka Embu, matofali hufyatuliwa kwa kalibu, ingawa wengi hukitaja chombo hicho kwa Kiingereza. Neno tulilipata kutoka Kiarabu, na linastahili kurudi vinywani mwetu, maana ndoo, beseni na vifuniko vya chupa navyo hutoka katika kalibu, tena za chuma.

Ndani ya kalibu ya chuma kuna pembe kali ambazo kisu cha mashine hakizifikii. Hapo hutumika elektrodi ya shaba au grafiti: chuma huzamishwa katika mafuta, elektrodi ikasogezwa, cheche zikakila chuma kidogo kidogo. Mbinu hiyo waliibuni Boris na Natalya Lazarenko, mume na mke, katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1943.

Siku hizi mchoraji huweka kalibu na elektrodi katika faili moja ya kompyuta. Huchora bonge juu ya pembe ile, akaondoa sehemu yote iliyo chuma cha kalibu. Linalobaki ndilo elektrodi. Kisha huipunguza kidogo pande zote ili kuacha nafasi ya cheche. Kalibu ikirekebishwa, elektrodi hufuata.

Kila umbo linalojitegemea katika faili hiyo naliita gimba, kama tusemavyo magimba ya angani. Kulitafsiri neno la Kiingereza "body" kuwa "mwili" hakufai, huo ni wa kiumbe.

Walimu wa ufundi wa Meru na Embu, yaandikeni ubaoni maneno haya mawili. Na l isigeuke r: karibu ni neno jingine kabisa.