Kisiwa Kilichokataa Uhuru

Wasee, mnajua kuna kisiwa kilikataa uhuru? Ni Mayotte, wenyewe huiita Maore, hapo Komoro. Lugha yao ni binamu ya Kiswahili. Mji mkuu wa visiwa ulihamishwa kutoka kwao Dzaoudzi ukapelekwa Moroni, na kazi za serikali zikaufuata. Akina mama wakachemka. Wakiongozwa na Zéna M'Déré, waliwatekenya viongozi kutoka visiwa vingine mpaka wakatoroka. Kuwatekenya kabisa, si mzaha! Kwa kura ya 1974 visiwa vitatu vikataka uhuru, Maore ikabaki na Ufaransa. Tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa, pesa ni yuro. Mimi siwalaumu. Lakini tangu 1995 ndugu yao wa Nzwani, kilomita 70 hivi tu, anatakiwa awe na viza. Ataitoa wapi? Anapanda boti ndogo usiku, na wengi wamezama hapo.